Shingo, Kumi na Sita na Robo

Daftari langu halisemi uongo, Mwalimu.
Mwaka juzi, Pasaka: shingo kumi na tano, kiuno thelathini na sita.
Mwaka jana niliandika tu "kama zamani".
Leo futi imezunguka shingo yako
ikagota kwenye kumi na sita na robo,
na kiuno, nimekipima mara mbili,
kimeporomoka hadi thelathini na mbili.

Mtu anayenenepa hanenepi shingo peke yake.

Nilidhani ni kidole changu kimebanwa chini ya futi.
Nikakichomoa. Uvimbe ukabaki.
Kimoja nyuma ya sikio, kama punje ya kunde,
viwili juu ya mfupa wa bega, vimeshikana
kama ndugu wasiotaka kugawana shamba.
Nikabonyeza.
Ukaendelea kusimulia matokeo ya darasa la saba.
Hukusema hata "aa".
Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mtoki tu huo, Nyamizi," ukasema. "Jino."
Jino lipi, Mwalimu Lugembe?
Mimi nimekulia Igogo, mitoki naijua:
unakanyaga msumari, unavimba kinenani,
unachechemea, mama anakukanda kwa maji ya moto,
kidonda kikipona nao unaaga.
Mtoki ni mgeni anayemtaja aliyemtuma.
Huu wako umekaa tangu mvua za vuli
na hautaji jina la mtu.

Umemeza dawa za zahanati, dozi mbili.
Umekohoa kwenye kikopo, wakasema kifua kikuu hakuna.
Shemeji yako akaleta mtu wa Magu na wembe wake;
chale bado mbichi, nimezikwepa kwa futi.
Mkeo amenunua shuka la tatu kwa jirani yangu hapa Makoroboi
na hakusema kwa nini.
Umesema wewe: usiku nalowa
kama niliyetumbukia ziwani na nguo zangu.
Ukacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
pini zikiwa mdomoni.

Kutoka kibandani kwangu naona kwenu, mlimani,
mawe yamechomoza kati ya nyumba
na watu wameyazoea, wanaanikia dagaa, wanaanikia sare za shule.
Hakuna anayeuliza jiwe lilianza lini.
Lakini jiwe halikui, Mwalimu.

Sikukutajia saratani.
Mimi ni fundi cherehani,
na huenda ni kitu kingine, mwili una siri zake.
Nilisema tu: kola hii siikati.
Panda Bugando. Wakukate kinyama,
wakitazame kwa darubini, ndipo urudi.
Ukakasirika. Ukasema umeshalipa arubuni.
Nikaiweka elfu kumi yako juu ya meza, ukaiacha, ukatoka.

Wiki ya tano sasa.
Jana Bi Ng'wasi kapita mbiombio, kanga kaivaa kinyume,
jina la ugonjwa kalibeba kwenye karatasi.
Hakuweza kulitamka, akanionyesha: limfoma.
Nikalisoma kama mtoto, silabi kwa silabi,
mashine ya jirani ikinguruma.
Daktari kasema mmewahi.
Kuwahi kiasi gani, hakumuuliza, nami sikumuuliza.
Dripu ya kwanza ni Jumatatu.

Anataka kujua kama naweza kushona shati lisilo na kola.
Naweza.
Ila kitambaa chako cha kijivu kinatosha kola, nimepima.
Kifua nimekata, mikono nimekata.
Miaka ishirini naandika vipimo kwa wino;
shingo yako ipo kwa penseli,
na elfu kumi nimeibana ukurasa huohuo.

Siku hizi kila mteja namshika shingo
muda mrefu kuliko kazi inavyotaka.
Wengine wananilalamikia
kwamba vidole vyangu ni vya baridi.